Mibuni, Ploti na Alama za Hatua

Hekta moja imepandwa mibuni, futi tisa kati ya mche na mche, futi tisa kati ya mstari na mstari. Ina mibuni mingapi?

Futi tisa ni mita 2.74. Kila mbuni basi hukalia takriban mita za mraba 7.5. Hekta ni mita za mraba 10,000. Ukigawanya unapata mibuni 1,330 hivi, idadi iliyozoeleka kwa aina za zamani kama SL28. Mwaka 1985 kituo cha utafiti wa kahawa cha Ruiru kikatoa Ruiru 11, mbuni mfupi unaostahimili chulebuni na kutu ya majani. Kwa kuwa ni mfupi, unaweza kupandwa mita 2 kwa 2, na hekta ileile ikabeba mibuni 2,500. Hapo ndipo wanafunzi wengi hukwama: nafasi imepungua kwa karibu robo tu, mbona mibuni inakaribia kuongezeka maradufu? Jibu liko katika hatua ya kati, ile ya kutafuta eneo la mraba mmoja, ambayo mwenye haraka huiruka.

Mwaka huohuo wa 1985 ndio uliozaa mfumo wa elimu wa 8-4-4 nchini Kenya, uliosisitiza masomo ya vitendo. Kabla yake Afrika Mashariki ilikuwa imejaribu ile iliyoitwa hisabati mpya, yenye seti na matriki, iliyopata msukumo kutoka kwa warsha ya Entebbe ya mwaka 1962. Serikali ya Kenya iliiondoa mwanzoni mwa miaka ya 1980.

Desturi ya kuonyesha hatua ni kongwe kuliko mitaala hiyo yote. Shule ya Mang'u, iliyoanzishwa Kabaa mwaka 1925 na ambayo leo iko karibu na Thika, iliwaandaa vijana kwa mtihani wa Cambridge. Baadaye likaja Baraza la Mitihani la Afrika Mashariki mwaka 1967, kisha baraza la Kenya mwaka 1980, na mtihani wa kwanza wa kumaliza sekondari, KCSE, ukafanywa 1989. Mabaraza yalibadilika, lakini utaratibu wa kusahihisha ulibaki na sura yake: njia ina alama zake na jibu lina yake. Karatasi ya KCSE humwagiza mtahiniwa aonyeshe hatua zote, na humwahidi kwamba kazi sahihi inaweza kulipwa hata jibu likiwa na kosa. Huo ni utaratibu wa haki, kwani humthamini mtoto aliyefikiri vizuri kisha akateleza kwenye kuzidisha.

Uzito wa hatua huonekana wazi zaidi kwa asiyeona. Jeshi la Wokovu lilifungua shule ya wasioona mjini Thika mwaka 1946. Katika Breli, kidole husoma alama moja baada ya nyingine. Sehemu ambayo wengine huiandika namba juu ya namba hulazwa kwenye mstari mmoja, ikiwa na alama za kuonyesha inapoanza na inapoishia. Pembetatu huchorwa kwa mistari iliyoinuliwa. Msomaji hawezi kutupia jicho ukurasa mzima kutafuta alipokosea, kwa hiyo kila mstari wa mlinganyo lazima utokane waziwazi na ule uliotangulia.

Turudi shambani, ambako siku hizi kahawa imepungua. Tatu City, mji wa ekari 5,000, unajengwa Ruiru kwenye ardhi iliyokuwa ya kahawa, na kandokando ya barabara kuu ya Thika, aliyoizindua mwaka 2012 Rais Mwai Kibaki, mwanafunzi wa zamani wa Mang'u, mashamba yamekatwakatwa kuwa ploti za hamsini kwa mia. Wengi huita ploti hiyo thumuni ya ekari. Tuipime. Futi 50 mara 100 ni futi za mraba 5,000. Ekari ina 43,560, na thumuni yake ni 5,445. Ploti nane zikichukua 40,000, zinabaki 3,560 za barabara. Zikipangwa nne huku na nne kule, barabara ya katikati ina urefu wa futi 200, kwa hiyo upana wake ni futi 17.8. Anayeuza ekari moja kwa ploti nane kamili pamoja na barabara ya futi 30 anahitaji futi za mraba 46,000, na ekari haina kiasi hicho.