Sheria tatu za kumtafuta msimamizi wa maafa

Tetemeko la ardhi lililoikumba Kagera Septemba 10, 2016 lilikuwa na ukubwa wa 5.9. Watu 17 walifariki, nyumba zikalala chini, na sekondari kongwe za Ihungo na Nyakato zikabomoka. Michango ikaanza kumiminika, nayo serikali ikaelekeza fedha zote ziingie katika akaunti moja iliyoitwa Kamati Maafa Kagera. Kabla mwezi haujaisha, Rais John Magufuli alikuwa ametengua uteuzi wa watendaji wawili, mmoja wa mkoa na mwingine wa manispaa, kwa tuhuma za kufungua akaunti nyingine yenye jina hilo hilo.

Tuhuma tuziachie vyombo vya sheria. Kero kubwa zaidi ilikuwa mtaani. Waathirika wengi waliamini michango ile ni ya kuwajengea nyumba, kumbe serikali imeipangia kukarabati majengo ya umma. Mapema 2017 Rais alifika Bukoba na kusema wazi kuwa serikali haitamjengea kila mtu nyumba. Jibu hilo lilipaswa kutolewa wiki ya kwanza, na mtu mmoja mwenye mamlaka ya kulitoa.

Kumpata mtu huyo kumeisumbua nchi kwa muda mrefu. Sheria ya kwanza, Namba 9 ya 1990, ilihusu uratibu wa misaada ya maafa. Iliunda kamati ya kitaifa, TANDREC, chini ya Ofisi ya Waziri Mkuu. Kwa kuwa ilikuwa kamati ya misaada, kazi yake kubwa ilianza watu wakishaumia. Miaka sita baadaye, Mei 21, 1996, meli ya MV Bukoba ilipinduka karibu na Mwanza. Haikuwa nguvu ya asili, lakini uokoaji ulionyesha jinsi tulivyokuwa watupu: chombo kilitobolewa ili kuwatoa walionaswa ndani, hewa iliyokuwa ikikishikilia juu ya maji ikatoka, kikazama. Wapiga mbizi wakaletwa kutoka Afrika Kusini. Waliokufa walizidi 800.

Sera ya taifa ikaja 2004, kisha Sheria Namba 7 ya 2015 ikataka kuwe na Wakala wa Usimamizi wa Maafa. Zanzibar nayo, mwaka huo huo, ikatunga sheria yake. Wakala wa Bara ulibaki kwenye makaratasi. Mwaka 2022 Bunge likaifuta sheria ile na kupitisha Namba 6, inayorudisha usukani kwa Ofisi ya Waziri Mkuu na kushusha kamati kutoka taifa, mkoa na wilaya hadi kata na kijiji au mtaa. Kwa maoni yangu, huu ndio mpangilio bora kuliko yote iliyotangulia.

Haukukawia kupimwa. Agosti 2023 Mamlaka ya Hali ya Hewa ilitangaza kuwa vuli ingekuwa na mvua za El Niño. Alfajiri ya Desemba 3 sehemu ya Mlima Hanang iliporomoka, na tope, mawe na magogo vikaufunika mji wa Katesh na vijiji jirani. Watu 89 walikufa. Mwitikio ulikuwa wa haraka: jeshi likaingia na mitambo, Msalaba Mwekundu ukafika, mazishi yakagharamiwa na serikali, na Rais Samia akakatisha safari yake ya Dubai.

Kabla ya siku hiyo, je? Utabiri wa mvua ni kazi ya taasisi iliyo chini ya Wizara ya Uchukuzi. Wataalamu wa miamba wako Wizara ya Madini. Mito na mabonde ni ya Wizara ya Maji, na mtendaji wa kijiji anawajibika TAMISEMI. Kila mmoja alishika kipande chake. Mkazi wa chini ya mlima alihitaji sentensi moja tu iliyounganisha vipande hivyo: mlima umelowa, hameni kwa muda. Kamati ya kijiji ndiyo ingeweza kuifikisha, lakini kamati isiyo na bajeti, simu ya kupigia wala mafunzo ni orodha ya majina tu.

Msomaji, kabla ya masika kuanza, pita ofisi ya mtendaji wako uulize: kamati ya maafa ya hapa ina akina nani, na mara ya mwisho ilikaa lini?