Kijiji chenye njaa na mtu aliyepewa chakula

Tarehe 22 Oktoba 1966 wanafunzi wa chuo kikuu cha Dar es Salaam, pamoja na wenzao wa vyuo vingine vya jijini, waliandamana kwenda Ikulu wakiwa wamevaa majoho. Walikuwa wanapinga Jeshi la Kujenga Taifa. Serikali ilitaka kila mhitimu atumikie karibu miaka miwili: miezi mitano kambini, na miezi 18 kwenye kazi yake ya kawaida kwa asilimia 40 ya mshahara.

Risala yao haikuwa ya kubembeleza. Walisema miili yao inaweza kwenda JKT lakini roho zitabaki nje, na kwamba wanasiasa wanaojilipa vizuri hawana haki ya kuwahubiria wengine kufunga mkanda. Mwalimu Nyerere akawaka. Akakubali hoja ya mishahara palepale na kupunguza wa kwake kwa asilimia 20. Kisha akawarudisha makwao, zaidi ya wanafunzi 300. Wengi wao walirudishwa chuoni mwaka uliofuata.

Kisa hiki husimuliwa sana kama kisa cha ubabe: wengine husema ubabe wa vijana, wengine ubabe wa Rais. Mimi nakisoma kama ugomvi wa bili. Nani kalipa, na aliyelipiwa anadaiwa nini?

Nyerere alishajibu miaka miwili kabla, Mei 1964, kwa mfano ambao kama mpenzi wa fasihi naona ni kati ya mifano yake bora. Alimfananisha msomi na mtu aliyepewa chakula chote cha kijiji chenye njaa ili apate nguvu za kwenda mbali kuleta msaada. Akila asirudi, ni msaliti.

Mfano mtamu, lakini utazame vizuri. Wanakijiji wako wapi? Wametoa chakula, basi. Hatusikii walibishana vipi kumchagua huyo wa kutumwa, wala kama kuna mama aliyegoma kutoa unga wake. Kwa mkulima halisi wa wakati ule, chakula hicho kilikuwa kodi ya kichwa na bei aliyopangiwa kwa pamba au kahawa yake. Rais alimtaja mkulima ili kuwabana wanafunzi, lakini mkulima mwenyewe hakuwemo Ikulu siku ile.

Hata hivyo mfano ule ulikuwa na kitu ambacho baadaye tulikipoteza: deni lilikuwa la watu. Lililipwa kwa muda na jasho, si kwa hela. Azimio la Musoma la 1974 lilikaza uzi huohuo, likataka kijana afanye kazi kwanza ndipo aende chuo kikuu.

Miaka ya 1990 ikaja na uchangiaji wa gharama, na sheria ya 2004 ikaunda Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu. Hapo lugha nzima ikabadilika. Msomi akawa "mnufaika", na deni likawa namba kwenye karatasi ya mshahara. Marekebisho ya sheria ya 2016 yakapandisha makato hadi asilimia 15 ya mshahara, kelele zikawa nyingi, na nyingi zilikuwa za haki: mtu kasaini hivi, anakatwa vile.

Siko na wanaosema kila mtu ajilipie mwenyewe. Ukiondoa hela ya umma chuoni, wa kwanza kubaki nje ni huyohuyo mtoto wa mkulima. Ninachouliza ni kwa nini kwenye mjadala huu wanaosikika ni wawili tu, serikali na mhitimu, kama vile hela imeanguka toka mbinguni.

Mwaka 2021 Rais Samia alipoondoa tozo ya asilimia 6 ya kulinda thamani ya mkopo, tulishangilia. Mimi pia, nilisoma kwa mkopo. Lakini mkopo unaorudi miaka kumi baadaye bila tozo hiyo unarudi umepungua nguvu, na pengo linazibwa na hazina, ambayo pia inajazwa na ushuru wa mafuta ya taa na VAT ya sabuni. Hizo hulipwa hata na mama wa kijijini ambaye hakuna mtoto wake aliyevuka kidato cha nne. Wiki ile waliohojiwa walikuwa wafanyakazi, wanafunzi na viongozi.