Mpaka Ndani ya Karatasi: Tabora na Kura Tatu, 1958

Mwezi wa Januari 1958 wajumbe wa TANU walikusanyika Tabora, mji wa miembe na reli, kujadili jambo lililokuwa limekwisha kuwagawa hata kabla ya kupanda gari la moshi. Serikali ya Kiingereza ilikuwa imeitangazia Tanganyika uchaguzi wake wa kwanza wa Baraza la Kutunga Sheria. Nchi ingekatwa majimbo kumi, na kila jimbo lingepeleka Barazani watu watatu: Mwafrika mmoja, Mzungu mmoja na Muasia mmoja. Mpiga kura naye hakupewa hiari ya kumchagua amtakaye na kuwaacha wengine. Alitakiwa ampigie kura mmoja katika kila safu, na aliyeiacha safu moja tupu karatasi yake yote ilihesabiwa imeharibika. Watu wakauita mpango huo kura tatu, na kwa jina hilo ndivyo unavyokumbukwa hadi leo.

Anayesikia habari za wananchi kupinga mipaka ya uchaguzi kwa kawaida huikimbilia ramani. Huuliza ni kijiji gani kimehamishwa, ni mto gani umefanywa ukingo, ni kata gani imenyofolewa huku ikabandikwa kule. Mpaka uliopingwa Tabora haukuwa juu ya ardhi. Ulipita ndani ya karatasi yenyewe ya kura, ukamtenga mtu na jirani yake kwa rangi ya ngozi, kisha ukawahesabia wote watatu uzito mmoja. Hesabu ya watu ya mwaka 1957 ilikuwa imeonesha Waafrika wapatao milioni nane na nusu na ushei, Wazungu elfu ishirini hivi, na Waasia pamoja na Waarabu wasiofika laki moja na nusu. Viti vilikuwa kumi, kumi na kumi. Tena si kila Mwafrika aliruhusiwa kupiga kura. Ilimpasa awe ametimiza umri wa miaka 21, na juu ya hayo awe na kipato cha pauni 150 kwa mwaka, au elimu ya darasa la nane, au awe ameshika wadhifa miongoni mwa nyadhifa zilizotajwa. Mkulima wa Unyamwezi aliyeuza asali na nta yake angezipata wapi pauni 150? Walioandikishwa nchi nzima hawakufika 60,000.

Tabora haikuwa ngeni wa mabishano ya namna hiyo. Kwa muda wa karne nzima mji huu umekuwa mahali ambapo watu hugombania swali moja: nani ana haki ya kuweka mpaka, na nani alazimike kuuheshimu. Misafara iliyotoka Bagamoyo, ikapita Mpwapwa na kuvuka Ugogo, ilifika Unyanyembe imekwisha kulipa hongo njiani kwa kila mwenye nchi. Neno hili lina bahati mbaya. Leo latajwa kwa aibu, nalo zamani za misafara lilikuwa ada ya halali, malipo ya mgeni kwa mwenyeji kwa kuipita nchi yake, maji yake na kuni zake. Kila palipolipwa hongo palikuwa na mpaka, ijapokuwa haukuandikwa popote. Waarabu wa pwani walipojenga tembe zao Tabora, wakakaa kwa amani na Mtemi Fundikira, walikuwa wakazi wa nchi yenye mwenyewe. Fundikira alipofariki, mwishoni mwa miaka ya 1850, mrithi wake Mnywa Sele akataka ushuru wa bidhaa zao. Wakakataa, wakapigana naye, wakamtoa, na mwaka 1860 akakaa Mkasiwa mahali pake. Mnywa Sele akaishi porini akiisumbua njia ya misafara mpaka alipokamatwa na kuuawa mwaka 1865. Isike, aliyemfuata Mkasiwa, akapambana na Wajerumani na kujilipua kwa baruti ndani ya ngome yake mwezi Januari 1893, asiingie mikononi mwao akiwa hai. Baada ya hapo mipaka ya Unyanyembe ikawa shauri la bomani.

Msomaji wa visiwani asiione habari hii kuwa ni ya bara ya mbali. Wapagazi wa Kinyamwezi walishusha pembe zao pwani ya kuelekea Unguja, na Muhammad bin Juma, baba yake Hamed bin Muhammed ajulikanaye kwa jina la Tippu Tip, alimwoa Karunde binti Fundikira, akakaa Unyanyembe kama mkwe wa mwenye nchi. Na huko mwisho wa njia, Ujiji, ndiko walikozaliwa washairi wawili ambao wapenzi wa tungo hawana haja ya kutambulishwa: Sheikh Kaluta Amri Abedi, aliyeandika sheria za kutunga mashairi, na Saadani Abdu Kandoro. Wote wawili waliingia siasa za uhuru. Kandoro alikuwa miongoni mwa waasisi wa TANU mwaka 1954, pamoja na Germano Pacha wa Tabora, na historia ya harakati hizo akaiandika katika Mwito wa Uhuru, kilichotoka mwaka 1961.

Neno jingine linafaa kupimwa hapa, nalo ni jimbo. Siku hizi Tanzania Bara jimbo ni eneo la kumchagua mbunge. Katika Kiswahili cha siku za Mwingereza, jimbo lilikuwa kile tukiitacho sasa mkoa, ila kubwa zaidi. Jimbo la Magharibi lilianzia Tabora na Nzega, likachukua Kahama na Mpanda, likaenda hadi Kigoma, Kasulu na Kibondo. Ndiyo kusema njia ya misafara kutoka Unyanyembe hadi Ujiji yote ilikuwa ndani ya jimbo moja la utawala, na mwaka 1958 jimbo hilo hilo likafanywa jimbo moja la uchaguzi. Mtu mmoja asimame kwa ajili ya Waafrika wote wa nchi inayochukua siku nzima kuivuka kwa gari la moshi! Kwa hiyo lilikuwapo la kulalamikia hata kwa upande wa ramani. Lakini ukubwa wa eneo haukuwatia watu uchungu kama safu tatu za karatasi.

Mkutanoni hoja zilikuwa mbili, na zote mbili zilitoka kwa watu waliouchukia mpango huo. Hili ni la kukumbukwa, kwa maana masimulizi ya baadaye yamezoea kuwagawa wajumbe kuwa wenye hekima na wenye hamaki. Zuberi Mtemvu na wenzake walisema kwamba anayeingia katika uchaguzi wa rangi ameukubali ubaguzi, na kwamba haiwezekani chama kikapinga mpaka huku kikisimama foleni kuupigia kura. Julius Nyerere, ambaye Tabora ilimlea kama mwanafunzi na kisha kama mwalimu, aliona kwamba TANU ikisusa viti havitabaki vitupu. Vingekaliwa na United Tanganyika Party, chama kilichoundwa mwaka 1956 kwa baraka za Gavana Twining, na chama hicho ndicho kingepewa sauti ya kusema kwa niaba ya nchi. Alitaka TANU iingie kwa mlango mbaya uliopo, ikauvunje kutoka ndani. Kura zilipopigwa, 37 zilikubali kuingia na 23 zilikataa.

Uamuzi huo ukaitwa Uamuzi wa Busara. Jina ni zuri na matokeo yalilithibitisha. TANU iliutumia ule ule mtego wa kura tatu: kwa kuwa kila Mwafrika alilazimishwa kumpigia kura Mzungu na Muasia, basi ni kura za Waafrika ambazo zingeamua ni Mzungu yupi na Muasia yupi waende Barazani. Chama hakikuwa kikipokea wanachama wasio Waafrika siku hizo, lakini kikawaunga mkono wagombea wa rangi nyingine walioafiki uhuru, akina Derek Bryceson, Amir Jamal na Sophia Mustafa. Uchaguzi ulifanywa kwa awamu mbili, Septemba 1958 na Februari 1959. Jimbo la Magharibi lilikuwa katika awamu ya kwanza, na kiti chake cha Mwafrika kilichukuliwa na Chifu Abdallah Fundikira, mtemi wa Unyanyembe, mzao wa yule Fundikira aliyewapokea Waarabu. UTP haikuinuka tena. Kamati ya Sir Richard Ramage ikaja na mpango mpya: viti 71, ambavyo 50 viwe wazi kwa mtu wa rangi yoyote, 11 vya Waasia na 10 vya Wazungu. Agosti 1960 TANU ikavitwaa 70. Mpaka wa rangi haukufutwa siku moja, ila ulikuwa umepoteza meno.

Lakini jina hilo la Busara lina dhulma yake. Limewafunika wale 23. Hoja yao haikuwa ya kipuuzi: walisema kweli kwamba mpango ule ni tusi, na kama si ukali wao huenda Waingereza wasingejua hasira ilivyofika. Mtemvu alitoka katika TANU, akaunda African National Congress, na Novemba 1962 akasimama peke yake dhidi ya Nyerere kugombea urais. Alipata kura 21,276, mwenzake zaidi ya milioni moja na laki moja. Miaka michache baadaye nchi ikawa ya chama kimoja kwa sheria, na pasipo vyama viwili ule ubishi wa Tabora usingeweza kurudiwa. Hata Fundikira hakubaki. Alijiuzulu uwaziri mwaka 1963, mwaka ambao utemi nao ulifutwa, na vyama vingi viliporudi mwaka 1992 alikuwa miongoni mwa wa mwanzo kuunda chama chake. Mtu aliyeingia Barazani kwa matunda ya uamuzi wa 37 alijikuta naye upande wa wachache.

Kwa upande wa Zanzibar ramani ilikuwa na makali yake. Januari 1961 majimbo yalikuwa 22, na ASP ikapata 10, ZNP 9, ZPPP 3. Kiti cha Chake Chake kiliamuliwa kwa kura moja. Likaongezwa jimbo la 23, uchaguzi ukarudiwa mwezi Juni, na damu ikamwagika. Julai 1963 majimbo yakawa 31. ASP ilipata zaidi ya nusu ya kura zote, ikaambulia viti 13; ZNP na ZPPP zikapata 18 na kuunda serikali. Waliolalamikia ukataji wa majimbo hawakuwa na mlango wa kuingilia kama ule wa Tabora, kwa sababu walikuwa wamekwisha kuingia, wamekwisha kupiga kura, na wamekwisha kuhesabiwa.

Katiba ya Tanzania, katika ibara ya 75, yataka mipaka ya majimbo ichunguzwe angalau kila baada ya miaka kumi, kwa kuangalia idadi ya watu, mawasiliano na hali ya nchi ilivyo. Na ibara ya 74 yazuia mahakama kuyachunguza yaliyotendwa na Tume katika kazi hiyo. Mwaka 2025 Tume ilipokea mapendekezo, na mwezi Mei ikatangaza majimbo mapya manane, yakatimia 272. Tabora haikupata jimbo jipya hata moja. Ilibadilishiwa jina: lililokuwa Tabora Kaskazini likaitwa Uyui, jina ambalo wapagazi walilitaja njiani kabla Mjerumani hajaleta ramani.