Jembe na Nyumba: Uchaguzi wa Mwaka 1965 na Wataalamu wa Siasa wa Dar es Salaam

Mwezi wa Septemba 1965 wananchi wa Tanzania Bara waliwachagua wabunge wa majimbo 107. Huko Zanzibar wabunge hawakupigiwa kura. Utaratibu uliofuatwa ulitokana na kazi ya Tume ya Rais ya mwaka 1964, iliyoongozwa na Rashidi Kawawa: chama cha TANU kilikuwa peke yake, lakini katika jimbo kiliwasimamisha wanachama wawili washindane. Mmoja alipewa alama ya jembe na mwenzake nyumba, kwa kuwa wapiga kura wengi hawakujua kusoma.

Masharti ya kampeni yalikuwa makali. Wagombea walipanda jukwaa moja, katika mikutano iliyoandaliwa na chama. Walikatazwa kutaja kabila, dini wala rangi, na hakuna aliyeruhusiwa kudai kwamba Mwalimu Nyerere anamwunga mkono. Tena iliwapasa kuhutubia kwa Kiswahili. Sharti hili la mwisho ndilo lililotazamwa kidogo kuliko yote, ingawa maana yake ni nzito: kwa mara ya kwanza ufasaha wa Kiswahili uliwekwa mizanini pamoja na sifa nyingine za mbunge. Alama nazo, zilizokusudiwa zisimpendelee mtu, zilikuwa maneno yenye uzito. Jembe ni kazi na chakula. Nyumba ni makao, ukoo na heshima. Msemaji hodari hakukosa la kusema juu ya lile alilopewa, wala juu ya lile la mpinzani wake.

Wataalamu wa Chuo Kikuu, Dar es Salaam, waliutambua upesi uzito wa jambo hili. Kitabu kilichohaririwa na Lionel Cliffe kilitolewa mwaka 1967, nacho hakikuridhika na hesabu ya kura, bali kilizifuata kampeni majimboni. Kilionyesha kwamba chama kimoja hakikumaanisha kura bubu. Wakubwa waliangushwa, akiwemo Waziri wa Fedha, Paul Bomani, na bado TANU haikukataliwa. Aliyepimwa ni mtu na utumishi wake kwa jimbo. Utafiti wa uchaguzi wa 1970 ulifuata, ukachapishwa mwaka 1974 kwa jina la kamati nzima, dalili ya kuwa kazi hiyo ilikwisha kuwa desturi ya jumuiya ya wanachuo.

Hata hivyo vitabu vyote viwili viliandikwa kwa Kiingereza. Hotuba iliyotolewa kwa Kiswahili kwa amri ya sheria ilimfikia msomaji katika lugha nyingine. Akapata hoja, akakosa mzaha, fumbo na mkato wa sauti uliowafanya watu wacheke au wanune. Kwa mwanasiasa hasara hiyo huenda ni ndogo. Kwa mwanalugha ni kubwa, na hata mwanasiasa asiipuuze, maana neno siasa lenyewe katika kamusi za awali lilihusu upole na busara kabla ya kuhusu vyama.

Mradi wa REDET, ulioanzishwa Mlimani mwaka 1992, uliendeleza utafiti wa uchaguzi katika zama za vyama vingi. Lakini Kiswahili cha majukwaa ya 1965 bado kinastahili mtafiti wake. Waliokuwa vijana wa miaka 20 wakati ule wamekwisha kufikia miaka 80.