Kominterni: Chama cha Dunia Nzima Kilichotuacha kwa Mataa

Ukitaka kujua kama harakati inakujali kweli, usisome manifesto yake. Ngoja siku ile kukusaidia kutaigharimu kitu.

Leo nataka tuongelee Kominterni, juu naona wasee wengi wanaweka nyundo na mundu kwa profaili bila kujua vile hiyo hadithi iliendelea. Na pia naona wengine wanaitukana bila kujua ilikuwa imeahidi nini. Wote kaeni chini kidogo.

Turudi nyuma hadi 1914. Vyama vya kisoshalisti vya Ulaya vilikuwa vimeapa kwamba wafanyakazi hawatapigana vita vya mabepari. Vita vikaanza, na vingi vikaunga mkono serikali zao. Mfanyakazi Mjerumani na mfanyakazi Mfaransa wakaenda kuuana mitaroni. Lenin hakusahau hilo. Machi 1919, akiwa tayari ameshika serikali Urusi, aliita wajumbe kama 50 Moscow wakaanzisha Shirika la Kimataifa la Kikomunisti, Kominterni kwa kifupi. Wazo lilikuwa chama kimoja cha dunia nzima, kila nchi iwe tawi tu, ndio usaliti kama ule usitokee tena.

1920, kwenye mkutano mkuu wa pili, wakatoa masharti 21 ya kujiunga. Mawili ndiyo yananishika.

Sharti la 8: kama nchi yako ina makoloni, chama chako lazima kiwafichue mabeberu wa kwenu na kiunge mkono harakati za ukombozi huko, kwa vitendo, si kwa mdomo.

Sharti la 14: kila chama lazima kiunge mkono jamhuri za Kisovyeti dhidi ya maadui wa mapinduzi, bila masharti.

Soma tena polepole. Moja linasema simama na waliotawaliwa. Lingine linasema simama na Moscow. Mwaka huo hakuna aliyeona shida, juu adui alikuwa mmoja. Uingereza na Ufaransa zilikuwa zimetuma majeshi kuipiga Urusi, na hao hao ndio waliokuwa wenye makoloni makubwa. Ukiwapiga hao, masharti yote mawili yametimia.

Na usidharau lile sharti la 8. 1920 ndio mwaka Kenya ilifanywa koloni rasmi, na wanaume wetu wakaanza kutembea na kipande shingoni kama mbwa mwenye lebo. Ulaya hata wasoshalisti kibao waliona makoloni ni kitu cha kawaida. Hapo ndipo shirika kubwa likasimama na kuandika kwamba mabeberu watoke. Kwa mtu wa kipande, hiyo ilikuwa habari.

Na kwa muda, walifanya. 1921 wakafungua Moscow chuo cha wanamapinduzi kutoka nchi zilizotawaliwa, kilichojulikana kama KUTV. Ho Chi Minh alipita huko. 1927 wakasaidia kuandaa mkutano wa kupinga ubeberu Brussels, Nehru akiwa ndani. 1930 wakaunda kamati ya wafanyakazi weusi huko Hamburg, mji wa bandari. Kazi hiyo ikaja kushikwa na George Padmore, kijana wa Trinidad. Gazeti la kamati, The Negro Worker, lilipigwa marufuku kwenye makoloni, kwa hivyo mabaharia walilificha kwenye meli na kulishusha bandarini kimyakimya. Hiyo ndiyo ilikuwa intaneti yao.

Mtu wetu pia alikuwa ndani. Jomo Kenyatta, aliyetumwa London na Kikuyu Central Association kulilia mashamba, alipitia Moscow 1929, kisha akarudi 1932 akasoma KUTV hadi 1933, chini ya jina la James Joken. Ndiyo, Kenyatta huyo huyo wa noti. Sura hii haisimuliwi sana, na ukiangalia vile serikali yake ilikuja kuwachukulia watu wa mrengo wa kushoto, utaelewa mbona.

Halafu ikafika 1933. Hitler anashika Ujerumani. Padmore anakamatwa Hamburg na kufukuzwa nchini. Stalin anaangalia ramani, anaona hatari inakuja, anahitaji marafiki. Marafiki gani? Uingereza na Ufaransa. Wale wale wa makoloni.

Sasa yale masharti mawili yakagongana uso kwa uso.

Agosti 1933, kazi ya kamati ya Padmore ikasimamishwa. Padmore akaelewa haraka: ukitaka urafiki na London na Paris, huwezi kuendelea kuwachochea Waafrika wa London na Paris. Akajiuzulu. 1934 wakamfukuza rasmi na kumpaka matope, ndio ionekane ni wao wamemuacha.

1935 Mussolini akavamia Ethiopia, na jeshi lake likamwaga gesi ya sumu juu ya watu. Umoja wa Kisovyeti ulipiga kelele Geneva na ukajiunga na vikwazo, hilo lazima tuseme. Lakini mafuta hayakuwekwa kwenye vikwazo hivyo, na mafuta ya Kisovyeti yakaendelea kwenda Italia. Watu weusi waliokuwa wakiiamini Moscow waliona kwa macho yao.

Nyumbani kwao ilikuwa mbaya zaidi. Zinoviev, mwenyekiti wa kwanza wa Kominterni, alipigwa risasi 1936. Lovett Fort-Whiteman, mkomunisti mweusi kutoka Marekani aliyehamia Moscow akiamini huko ndiko usawa uko, alikufa 1939 kwenye kambi ya kazi ngumu huko Kolyma. Mwaka huo huo serikali ya Stalin ikatia sahihi mkataba na ile ya Hitler, na vyama vya dunia nzima vikaambiwa vibadilishe wimbo. Mei 1943, wakitaka kuwatuliza Uingereza na Marekani waliokuwa sasa washirika vitani, waliamua kuivunja Kominterni. Miaka 24, imeisha kwa tangazo.

Najua kuna mtu atasema: lakini Stalin angefanya nini, na Hitler kweli alivamia 1941? Sawa, hatari ilikuwa ya kweli. Mimi nauliza tu nani alilipa bei. Sharti la 16 lilisema uamuzi wa juu unabana kila chama. Msee wa bandari ya Mombasa au Lagos hakuulizwa kama yuko tayari ukombozi wake uwekwe kando kwanza. Doo zilitoka Moscow, ofisi ilikuwa Moscow, na siku ya kuchagua, Moscow ilijichagua.

Padmore hakukaa akilia. Alienda London, akajiunga na Kenyatta na C.L.R. James, wakaanza kupanga upya, safari hii bila bosi wa mbali. Aliyojifunza hakuyatupa: magazeti, mitandao ya mabaharia, kuandika barua usiku kucha. Oktoba 1945 wakafanya Kongamano la Tano la Afrika Nzima huko Manchester, Kenyatta na Kwame Nkrumah wakiwemo. Miaka 12 baadaye Ghana ilikuwa huru. Padmore alifia London 1959, na majivu yake yako Accra.

Tangu Juni 2024 tumekuwa tukibishana hapa kama vijana tunahitaji chama, viongozi, ofisi na wafadhili. Mimi sina shida na ofisi. Watu bila mpangilio huchoka, na serikali inajua hivyo. Lakini kabla hujajiunga na yeyote, awe wa kushoto au wa kulia, tafuta sharti lake la 14. Kila shirika liko nalo, hata kama halijaliandika.