Jasho la Ndia Kuu: nani alikwambia mvuke unachoma mafuta?

Haya wangu, leo naanza kwa kukiri. Nilidanganywa, kisha nikawadanganya na nyinyi.

Wiki mbili kabla ya harusi ya binamu yangu, nguo niliyoshonewa ilikataa kufunga. Zipu ilifika katikati ya mgongo ikagoma. Nikakimbilia jimu moja mjini, sitaitaja. Jamaa wa pale akaniambia nusu saa kwenye chumba cha mvuke ni kalori 600, na nikijizungushia nailoni tumboni ni zaidi ya hapo. Nikalipa. Nikakaa mle nimefungwa nailoni kama sambusa za kuwekwa friza. Nilipotoka, mizani ikasema nimepungua kilo 1.3. Nikaipiga picha, nikaposti. Wengi wenu mliipenda ile picha, nakumbuka vizuri sana.

Ambacho sikuposti ni kilichofuata. Nilikuwa narudi nyumbani kwa miguu, nimefika Ndia Kuu pale kwenye maduka ya vinyago, macho yakaingia kiza. Nikajitupa kwenye baraza ya watu nisiowajua. Muuza kahawa mmoja, mtu mzima, akaweka dele lake chini, akanipa maji na tende tatu. "Kunwa mwanangu, polepole." Usiku nikapanda mizani tena. Kilo zangu zote zilikuwa zimerudi kwao.

Nyanya aliposikia hakunifokea. Alisema tu, "Hiyo si afya, hiyo ni kiu na ndaa." Kisha akauliza swali ambalo sikuwa na jibu lake: kwani watu wa zamani walikuwa wakitoka jasho ili wakonde?

Basi nikaenda kutafuta. Nawaletea nilichopata.

Tuanze Unguja, maana huko ndiko walikojenga nyumba za mvuke zenye jina. Pale Kidichi kuna hamamu iliyomalizika 1850. Sayyid Said bin Sultan aliijenga kwa ajili ya mkewe, binti wa kifalme kutoka Uajemi, ambaye alizoea kuoga kwa namna ya kwao. Baadaye mwanawe, Sayyid Barghash, aliyetawala kuanzia 1870 hadi 1888, akajenga hamamu ya watu wote mjini, Mji Mkongwe. Mtaa mzima ukaitwa Hamamni, na mpaka leo ukienda utaonyeshwa. Mlikuwa na vyumba vya joto, vya baridi, na mahali pa kunyolewa. Ilifanya kazi hadi 1920, ikafungwa, sasa ni ya watalii kupiga picha.

Sasa sikilizeni kitamu. Sayyida Salme, binti wa Sayyid Said aliyezaliwa Mtoni 1844, aliandika kumbukumbu za maisha yake zilizotoka 1886. Anaeleza nyumba za kuogea za Mtoni zilivyokuwa, na watu walikaa mle saa nyingi. Wanasali, wanasoma, wanalala, wanakula na kunywa. Ndiyo, wanakula! Hamamu ilikuwa baraza yenye maji. Mtu alikwenda kutakata, kupumzika, kupata habari za mjini. Aliyeingia Hamamni hakutafuta kiuno chembamba. Na kwa pwani hii, mtu akikutana nawe akisema "umenawiri", huwa anakusifu. Shangazi zangu bado wanasema hivyo, na mimi bado nakasirika, lakini hiyo ni posti nyingine.

Kuna mtu ataniambia, na mkaja je? Sawa, hoja nzuri, hata mimi nilimuuliza nyanya. Mwanamke akijifungua, pwani hukandwa kwa maji moto, hufungwa mkaja tumboni, hutulizwa siku 40. Tena wanasema wazi kwamba ni ili tumbo lirudi. Kwa hivyo joto na tumbo ni mambo tuliyoyaunganisha zamani. Lakini angalieni chakula. Mzazi ndiye anayelishwa kuliko mtu yeyote nyumbani: supu, uji wa pilipili manga, kuku. Hakuna anayemnyima. Tumbo la uzazi lenyewe hunywea ndani ya wiki kadhaa, mkaja upo au haupo. Huo ulikuwa uangalizi, na ningependa tusiuchanganye na yale ya nailoni.

Turudi sasa Ndia Kuu, maana jasho la kweli la mji huu halikuwa la kuogea.

Wasiojua: ndia ni njia, kwa Kimvita. Ndia Kuu ndiyo iliyokuwa barabara kubwa ya Mombasa, ikianzia kwenye Ngome, ambayo Wareno walianza kuijenga 1593. Waingereza walipokuja wakaipa jina la Vasco da Gama. Jina hilo halikudumu. Leo tuktuk mbili zikikutana hapo, moja lazima irudi nyuma, lakini zamani palipita reli.

Naam, reli. Mwaka 1890 kampuni ya Kiingereza ya William Mackinnon ilianza kujenga reli nyembamba, upana wa futi mbili, ikiwa na ndoto za kufika bara. Walitandika maili chache, mradi ukafa. Vyuma vikabaki. Wakavitandaza kisiwani, wakaweka juu yake vigari vidogo vyenye viti na paa la turubai, na hakukuwa na injini wala punda. Vilisukumwa na watu. Bwana mkubwa amekaa kwenye kivuli, wanaume wako nyuma wanakimbia, kutoka Mji wa Kale hadi Kilindini, ng'ambo ya pili ya kisiwa. Wakubwa wengine walikuwa na vigari vyao binafsi na njia iliyoingia hadi mlangoni. Mambo haya yaliendelea mpaka motokaa zilipozoeleka.

Nimezitazama picha za wakati huo mara nyingi. Huwa natazama miguu ya wale wasukumaji. Hakuna hata mmoja aliyenona.

Tupige hesabu kidogo. Mtu wa kilo 60 akisukuma mzigo kwa nguvu, anatumia kama kalori 400 kwa saa, pengine zaidi akipanda kilima. Yule aliyekaa kwenye kiti, kwa joto lilelile la Mombasa, naye anatoka jasho shati linalowa, lakini anatumia kalori 70 au 80 tu. Wote wawili wameloa, na anayechoma ni mmoja. Sijui mfano bora zaidi ya huo. Mimi kwenye chumba cha mvuke nilikuwa yule bwana kwenye kiti, tena nimelipa mwenyewe.

Hili neno kalori lenyewe ni geni. Lilianzia kwa Wafaransa waliokuwa wakipima joto, karne ya 19. Kwenye miaka ya 1890, Mmarekani Wilbur Atwater alitengeneza chumba kilichofungwa kabisa, mtu akikaa ndani siku kadhaa, akila, akilala, akiendesha baiskeli isiyokwenda popote, huku joto na pumzi yake vikipimwa. Halafu mwaka 1918 daktari Lulu Hunt Peters akatoa kitabu kilichofundisha wanawake wa Marekani kuhesabu kalori ili wapungue. Kwa hivyo wakati wa Mackinnon na vigari vyake, mzungu mmoja yuko maabara anapima jasho la mwendesha baiskeli, na hapa kwetu jasho linamwagika bila kupimwa na yeyote.

Basi ile 600 ya jimu ilitoka wapi? Nadhani nimeipata. Jasho lita moja likikauka kwenye ngozi huondoa joto la kama kalori 580. Mtu akisoma hapo anaruka: lita moja, kalori 600, mafuta kwaheri! Siyo. Jasho ni namna mwili unavyotupa joto, na kwenye sauna joto hilo umeletewa na chumba, halikutoka kwenye mafuta yako. Halafu chumba cha mvuke kina unyevu mwingi kiasi kwamba jasho halikauki kabisa, linachuruzika tu mpaka sakafuni. Watu wa Mombasa tunalijua hili bila sayansi, mwezi wa Februari, shuka limeng'ang'ania mgongo. Moyo unapiga mbio, kweli, na matumizi yanapanda kidogo. Nusu saa unaweza kupata kalori 50 hivi. Hamri moja inashinda hiyo mara tatu, na hapo hujagusa mbaazi.

Mafuta kilo moja ni kalori 7,700 hivi. Mimi nilipoteza kilo 1.3 kwa nusu saa. Hesabu hiyo mngeweza kuifanya nyinyi wenyewe. Yalikuwa maji.

Na maji si mchezo. Mwishoni mwa 1997, wanamieleka watatu wa vyuo vya Marekani walikufa ndani ya wiki chache, wakijilazimisha kushusha uzito kwa mazoezi kwenye joto, na nguo za mpira mwilini. Baada ya hapo vyuo vikapiga marufuku sauna na nguo hizo. Nilisoma hayo nikiwa nimekaa kitandani na ile nailoni bado iko kwenye kapu la nguo chafu.

Sauna yenyewe siitukani. Wafini wameishi nayo karne nyingi, na utafiti wa kule uliotoka 2015, uliofuata wanaume 2,315 kwa miaka 20 hivi, uliona kwamba waliokwenda mara nne au zaidi kwa wiki walikufa kidogo zaidi kwa maradhi ya moyo. Haithibitishi kwamba ni joto lililowaokoa, maana mwenye afya ndiye mwenye nguvu ya kwenda sauna kila siku. Lakini si kitu cha kudharau. Tatizo langu ni mtu kuuza joto kwa jina la mafuta.

Mazoezi je? Hapa nilishangaa, na jibu limetoka jirani. Mwaka 2012, Herman Pontzer na wenzake walitoa utafiti juu ya Wahadza, wawindaji wanaoishi karibu na Ziwa Eyasi, Tanzania. Watu hawa hutembea kilomita nyingi kila siku, wanachimba mizizi, wanafuata asali. Walipopimwa, kalori walizotumia kwa siku, ukilinganisha kwa ukubwa wa mwili, zilikuwa karibu sawa na za Wamarekani wa ofisini. Soma tena. Yaani mwili una ujanja, ukitumia huku unabana kule. Wahadza wana miili myembamba na mioyo mizuri, lakini kutembea peke yake hakuelezi wembamba wao. Chakula kimo.

Kwa hivyo mimi naonaje? Naona mazoezi yanasaidia, ila kidogo kuliko tunavyoahidiwa, na sahani inafanya kazi kubwa zaidi. Mtu wa kilo 60 akitembea kutoka Ngome mpaka Lighthouse na kurudi, anatumia kama kalori 250. Ni nzuri. Ukimaliza pale ukanunua mihogo ya kukaanga na soda, umeshazirudisha, na mimi sitakuhukumu kwa sababu ile mihogo naijua.

Na bado nawafikiria wale wasukumaji. Mwezi wa Januari 1947 wafanyakazi kama 15,000 wa mji huu waligoma, bandari ikalala siku 12. Chege Kibachia, aliyekuwa kiongozi wao, alikamatwa mwaka huohuo akapelekwa mbali. Walitaka mshahara unaotosha maisha. Waliochoma kalori nyingi kuliko wote kisiwani walikuwa wanadai za kula, na mkokoteni ukikupita leo pale Marikiti, umepakiwa viazi mpaka juu, jamaa anayeuvuta hahitaji mtu wa kumfundisha kutoka jasho.

Ile posti ya mizani nimeifuta. Aliyeenda kulipa kwa ajili yangu, nisamehe, njoo tutembee.

Nguo nayo nilimrudishia fundi. Aliachia mshono sentimita tatu, kazi ya dakika kumi, akanitoza shilingi 200. Harusini nilikula biriani sahani mbili, na zipu haikusema kitu.