UZI: Risasi, rungu au panga? Jeraha huwa na jibu lake

1/ Kila maandamano yakiisha mjini, mabishano huwa yale yale. Huyu anasema polisi wameua, yule anasema ni wahuni, mwingine anasema watu walikanyagana. Kabla hatujatukanana hapa, tuulize swali moja: daktari aliona nini mwilini?

2/ Silaha huacha alama yake. Panga hukata na kuacha kingo safi. Rungu au jiwe hupasua ngozi vibaya na kuacha michubuko kando. Risasi hutoboa, na ikifyatuliwa karibu sana huacha masizi na chembe za baruti. Tundu la kuingilia likiwa mgongoni, ile hadithi ya "alikuwa anatushambulia" inahitaji maelezo zaidi.

3/ Turudi nyuma kidogo. Tarehe 3 Machi 1959, kambi ya Hola, kwenye mto Tana. Wafungwa 11 walikufa. Serikali ya mkoloni ikatangaza kwamba walikufa baada ya kunywa maji. Maji!

4/ Miili ilipopasuliwa, madaktari walikuta alama za kipigo. Uchunguzi wa hakimu ukathibitisha vifo vilitokana na kupigwa. Mjadala ukafika hadi Bunge la Uingereza. Hakuna aliyeshtakiwa kwa vifo hivyo, lakini uongo wa maji ulikufa siku hiyo, na walioua uongo huo ni madaktari.

5/ Sasa njoo 2007/08. Tume ya Waki ilihesabu vifo 1,133. Bonde la Ufa kulikuwa na mishale, panga na moto. Kisumu ilikuwa risasi sana. Kwa jumla watu 962 walipigwa risasi, na 405 kati yao wakafa. Hiyo ni zaidi ya thuluthi moja ya vifo vyote.

6/ Mbona hesabu hiyo ni muhimu? Kwa sababu panga liko karibu kila boma, lakini bunduki haiko. Ukijua silaha, orodha ya wa kuulizwa inakuwa fupi. Ndiyo maana rekodi za hospitali na mochari huogopwa kuliko hotuba za jukwaani.

7/ Kwa aliyepona, karatasi yenyewe ni P3. Daktari hujaza jeraha ni la muda gani, silaha inayodhaniwa, na hata hali ya nguo. Kwa hivyo usifue hiyo shati yenye damu, na usingoje wiki tatu. Jeraha likipona, ushahidi umepona nalo.

8/ Shida iko hapa: P3 hutoka kituo cha polisi. Je, kama aliyekuumiza ni polisi? Wengi huogopa kurudi pale, wanameza dawa na kunyamaza. Baadaye mtu anasimama kwenye runinga anasema "hatujapokea malalamishi yoyote."

9/ Mwaka 2017 ilipitishwa sheria ya kuwa na maafisa huru wa kuchunguza vifo vya kutatanisha, isiwe kazi ya polisi pekee. Miaka ikapita bila ofisi yenyewe kusimama, serikali moja baada ya nyingine.

10/ Kwa hivyo mwanasiasa wa upande wowote akija kuomba kura akilia juu ya waliouawa, muulize: utaipa hiyo ofisi bajeti ya pesa ngapi, na lini? Machozi hayajazi fomu.